Gia Otomatiki na Ulaji wa Mafuta: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi wa Mabasi ya Mjini

Mwongozo huu unahusu mabasi yenye gia otomatiki za haidroli, kama DIWA ya Voith au EcoLife ya ZF. Basi linapoondoka kituoni, sehemu kubwa ya nguvu ya injini hupitia kwenye oili: gurudumu moja la mapanga huisukuma oili, nayo oili hulizungusha gurudumu la pili. Ndiyo maana basi lililojaa hadi mlangoni huondoka bila kushtuka. Lakini oili huteleza, na kila mtelezo ni dizeli iliyogeuka joto. Mwendo ukishachanganya, klachi ya ndani hufunga na hasara hiyo hukoma.

Kwa hiyo upotevu mkubwa uko vituoni na kwenye foleni. Dereva anayesimama gia ikiwa kwenye D huku amekanyaga breki anaifanya injini isukume oili isiyokwenda popote. Gia nyingi za kisasa hujikata zenyewe basi likisimama, ila husubiri ishara: breki ikanyagwe sawasawa au breki ya kituoni iwashwe. Ukiliacha basi lijongee kidogo kidogo, ishara hiyo haifiki. Simama kabisa. Kama basi lako halina mfumo huo na abiria wa kupanda ni wengi, vuta hendibreki kisha weka N.

Wakati wa kuondoka, usikanyage mafuta hadi mwisho. Kufanya hivyo huchelewesha gia kubadilika. Ukiona taa nyekundu mbele, inua mguu mapema na uiache gia kwenye D, kwa kuwa injini ya kisasa ya dizeli hukata mafuta yenyewe inapozungushwa na magurudumu. Kuteremka mlima kwa N ni marufuku: hakuokoi chochote, na kunakunyima msaada wa injini na ritada (breki ya gia) katika kulishika basi lenye watu.

Fundi apime oili kwa utaratibu wa kitabu cha mtengenezaji, kwani kiwango hubadilika na joto. Ikizidi hutoa povu. Ikipungua pampu hunyonya hewa. Katika hali zote mbili gia huteleza. Safisha rejeta pia: ikizibwa na vumbi, feni hufanya kazi muda mrefu, na feni hula nguvu ya injini.

Oili ikiwa nyeusi na ikinuka kuungua, klachi zimeanza kuisha. Usiongeze oili tu na kulirudisha basi barabarani.