Redio ya setilaiti kwenye gari la Japani

SWALI: Nimenunua gari lililotumika kutoka Japani. Redio yake inashika stesheni mbili tatu tu. Je, naweza kufungiwa redio ya setilaiti? – Msomaji, Bofa, Kilifi

JIBU: Ndugu yangu, usimpe pesa yeyote anayekuahidi hiyo. Redio ya setilaiti ya SiriusXM hutangaza kwa Amerika Kaskazini pekee. Huku tulikuwa na WorldSpace, ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998, lakini kampuni ikafilisika 2008. Inasikitisha, kwani huduma hiyo ilibuniwa kwa ajili ya Afrika hasa.

Shida yako ina dawa nyingine. Redio nyingi za Japani hushika megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Fundi anaweza kuunga ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa, baina ya waya wa eriali na redio. Ikiwa ni ya megahezi 15, stesheni ya 100 utaipata kwenye 85. Ni njia rahisi, ila mara nyingi sauti hukwaruza. Mimi ningebadilisha redio nzima, niweke yenye Bluetooth: Pwani FM uisikilize hewani, stesheni za mbali uzivute kwa bando la simu.

Kabla ya yote, fundi afungue kitako cha eriali. Gari linalolala karibu na ufuo huliwa na chumvi hapo, na kwenye shaba utaona ukungu wa kijani. Ausugue kwa msasa laini, apake grisi kidogo, kisha akaze nati vizuri.