Rimoti ya kuwashia gari kwenye baridi ya Mbulu

Swali: Nina Volkswagen ya gia za mkono. Asubuhi za Julai hapa Mbulu ni baridi kali. Nifunge kifaa cha kuliwasha kwa rimoti nikiwa ndani ya nyumba?

Jibu: Ndugu msomaji, usikifunge. Baridi ya Mbulu haifikii ya Kanada. Injini yako itapata moto upesi zaidi ukiondoka taratibu kuliko ikiunguruma imesimama. Tena tangu 1998 Umoja wa Ulaya unadai magari mapya yawe na mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo. Ili kuupita, fundi huficha ufunguo wa akiba ndani ya dashibodi, na hapo ulinzi wa gari umeuvunja mwenyewe. Utasema kuna moduli inayoiga chipu. Ipo, na ni bora, lakini lazima ilingane na modeli yako na ifungwe na fundi umeme mwenye mashine ya kupimia. Hata hivyo haimalizi hatari kubwa zaidi: gari la gia za mkono likiachwa ndani ya gia, kama tunavyoegesha kwenye miteremko yetu, likipigwa stata huruka mbele bila dereva, na huenda mtoto yuko mbele yake.