PERFORM: kitenzi kimoja cha COBOL, kazi mbili

Ukitoka Python au Java ukafungua programu ya COBOL, macho yatatafuta for na while yasizione. Yatakutana na PERFORM, tena PERFORM, tena PERFORM: hapa inaita aya, pale inazungusha kitanzi, kwingine inafanya yote mawili kwa mstari mmoja. Kazi yangu ni kutunza programu za mishahara ambazo walioziandika walishastaafu, na karibu kila kijana ninayeletewa nimwelekeze hukwama hapo. Hivi ndivyo ninavyomweleza.

Anza na aya. Aya ya COBOL ni jina linalofuatwa na nukta, kisha kauli zake chini. Haipokei chochote mkononi na haina data yake ya faragha. Data yote imetangazwa juu, kwenye DATA DIVISION, na kila aya inaiona. Ukiandika PERFORM KOKOTOA-MSHAHARA umesema: nenda kwenye aya hiyo, fanya yaliyomo, ukifika mwisho wake rudi. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani. GO TO inamtuma bila kumwambia arudi.

Shida ni kwamba aya haijui kama imeitwa. Programu ikiteremka yenyewe mstari kwa mstari na kuikuta mbele, itaingia na kuitekeleza vilevile. Tazama:

    ANZA.
        PERFORM SOMA-MFANYAKAZI
        PERFORM UNTIL FAILI-IMEISHA
            PERFORM KOKOTOA-MSHAHARA
            PERFORM SOMA-MFANYAKAZI
        END-PERFORM
        STOP RUN.

    KOKOTOA-MSHAHARA.
        COMPUTE HALISI = MSHAHARA - MAKATO
        DISPLAY JINA " " HALISI.

    SOMA-MFANYAKAZI.
        READ FAILI-WAFANYAKAZI INTO MFANYAKAZI
            AT END SET FAILI-IMEISHA TO TRUE
        END-READ.

Ondoa STOP RUN uone. Kitanzi kikiisha, programu itashuka moja kwa moja hadi KOKOTOA-MSHAHARA, na kwa kuwa data ya mfanyakazi wa mwisho bado imo kwenye kumbukumbu, mshahara wake utachapishwa mara ya pili. Kisha itashuka tena na kujaribu kusoma faili lililokwisha. Kompaila haitakuonya, kwa sababu kisheria hakuna kosa. Ndiyo maana nikikabidhiwa programu ngeni, natafuta kwanza inakoishia, ndipo narudi inakoanzia.

Katika mfano huo SOMA-MFANYAKAZI imeitwa mara mbili, na wageni hupenda kufuta moja wakidhani ni marudio ya bure. Usifute. UNTIL hupima sharti kabla ya kuingia kwenye kitanzi, kwa hiyo rekodi ya kwanza lazima iwe imeshasomwa, na kila mzunguko umalizike kwa kusoma inayofuata. Ukitaka sharti lipimwe mwishoni, andika WITH TEST AFTER. Kumbuka pia kwamba while huendelea maadamu sharti ni kweli, ilhali UNTIL husimama likishakuwa kweli. Anayehamisha msimbo kutoka Java ageuze alama: pale palipokuwa na i <= 12 pawe na I > 12.

Kitanzi cha kuhesabu ni hiki:

    PERFORM VARYING MWEZI FROM 1 BY 1 UNTIL MWEZI > 12
        ADD MALIPO(MWEZI) TO JUMLA
    END-PERFORM

Kikiisha, MWEZI ina 13. Ukiitumia bila kuirekebisha kusoma jedwali la miezi 12, utachota kitu kilichokaa jirani yake kwenye kumbukumbu, na kompaila nyingi hazikagui mipaka hiyo mpaka uziambie. Kwenye GnuCOBOL, ambayo ni ya bure, ongeza -debug unapokompaili. Angalia na upana wa kihesabio. Kikiwa PIC 99 na sharti likawa > 99, kitanzi hakitaisha hata siku moja: tarakimu mbili haziwezi kubeba 100.

END-PERFORM ilikuja na kiwango cha 1985, robo karne baada ya maelezo ya kwanza ya lugha kutoka mwaka 1960. Kabla ya hapo kitanzi hakikuwa na mwili pale pale. Kiliita aya iliyokaa mbali, pengine kurasa kadhaa chini. Mimi binafsi sichukii mtindo huo wa zamani. Aya ikipewa jina zuri, PERFORM LIPA-WASTAAFU UNTIL ORODHA-IMEISHA inasomeka kuliko mistari arobaini iliyobanwa katikati ya kitanzi. Ninachokwepa ni THRU, inayotekeleza aya kadhaa mfululizo kuanzia jina moja hadi jingine. Mtu akija kuchomeka aya mpya katikati, nayo inatekelezwa bila kuitwa. Na GO TO ikiruka nje ya eneo hilo kabla ya mwisho kufikiwa, kwenye baadhi ya kompaila za zamani agizo la kurudi hubaki limetegwa, likingoja siku programu itakapopita hapo kwa shughuli nyingine.

CALL ni habari tofauti: inaita programu nyingine kabisa, yenye data yake. CALL "KODI" USING MSHAHARA MAKATO hukabidhi data yenyewe, si nakala, kwa hiyo KODI ikibadilisha MSHAHARA, umebadilika na kwako. Ukitaka kuilinda andika BY CONTENT. Upande wa pili, LINKAGE SECTION, yaani sehemu ya KODI inayotangaza data iliyopokewa, lazima itangaze maumbo yaleyale. Ukituma PIC 9(7)V99 ikapokewa kama PIC 9(5), mara nyingi hakuna atakayekuambia. Tarakimu zitasomwa tu mahali pasipo pake.

WORKING-STORAGE ya programu iliyoitwa, yaani data yake ya ndani, haisafishwi kila inapoitwa. VALUE ZERO hufanya kazi mara ya kwanza tu, na jumla ya mfanyakazi wa kwanza itamsubiri wa pili, isipokuwa programu imetangazwa INITIAL, au umeifuta kwa CANCEL, au umeweka sifuri wewe mwenyewe kwa MOVE. Mimi huchagua MOVE kwa sababu anayesoma baadaye anaiona. Na STOP RUN ndani ya programu iliyoitwa husimamisha kazi nzima, pamoja na aliyeita. GOBACK hurudi kwa aliyeita, na ikiwa kwenye programu kuu humaliza kazi kama kawaida, kwa hiyo siku hizi naandika GOBACK kotekote.