Kitako cha Kurekebisha kwa Bunduki Nzito ya Kuwindia: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mmiliki wa bunduki ya kuwindia aishiye Mbezi Luis hukabiliwa na hali mbili zinazopingana. Nyumbani, hewa ya pwani hubeba unyevu, hasa wakati wa masika. Katika pori la Rungwa, kiangazi hukausha kila kitu. Kitako cha mbao huvimba katika hali ya kwanza na husinyaa katika hali ya pili. Kwa bunduki ya .375 H&H au .458 Winchester, ufa mdogo unaweza kuwa mpasuko kamili baada ya risasi chache.

Kwa nini kitako huvunjika

Risasi inapotoka, bunduki husukumwa nyuma. Msukumo wa .375 H&H hukaribia kuwa na nishati mara mbili ya ule wa .30-06. Nguvu hiyo hupokelewa na jino la chuma lililo chini ya mwili wa bunduki, ambalo huegemea kitako. Jino lisipokaa sawasawa, huchapa mbao kama patasi. Sehemu nyembamba ya kushikia mara nyingi ndiyo hupasuka kwanza.

Vifaa vinavyotumika

Mbao za kipande kimoja hufaa iwapo nyuzi zake zimenyooka kwenye mshikio na zimekazwa kwa skrubu za kukingama. Mbao za matabaka yaliyogandishwa kwa gundi ni nzito zaidi, lakini hazipindi kwa urahisi. Fibaglasi yenye uti wa alumini haiathiriwi na unyevu. Plastiki nyepesi yenye uwazi ndani haifai kwa bunduki nzito: hulegea, na wepesi wake huongeza kishindo begani.

Sehemu za kurekebisha

Kila sehemu inayosogea ni mahali panapoweza kulegea. Kagua yafuatayo:

1. Vifungio viwe vya chuma, na sehemu ikishakazwa isicheze hata kidogo.
2. Egemeo la shavu likiinuliwa, lisizuie komeo kuvutwa nyuma hadi mwisho.
3. Urefu ukurekebishwe kwa mwili wako ukiwa umevaa nguo za porini. Kitako kifupi mno hulileta jicho karibu na darubini, nayo huweza kuchana nyusi.
4. Mpira wa begani uwe mnene, usio na nyufa wala ugumu wa uzee.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na kazi ya kufunga kitako mwachie fundi aliyeidhinishwa. Dai risiti ya EFD, pamoja na maandishi yanayotaja aina ya bunduki, kipimo cha risasi na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli za kupotosha kuhusu bidhaa. Aliyedanganywa awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Baada ya risasi kumi za kwanza kwenye uwanja wa shabaha, ondoa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha kagua mshikio na skrubu. Ni heri kasoro igundulike hapo kuliko mbele ya nyati aliyejeruhiwa.