Kompyuta Mbili Zisiposikilizana

Muhula uliopita wengi wenu mlikwenda maktaba mkakuta karatasi mlangoni yenye maneno haya: "Orodha ya vitabu haifanyi kazi. Tumieni daftari." Karatasi ile ilikaa pale siku tatu, na sisi wa Chama cha Kompyuta tukachekwa sana mabwenini. Leo nataka kueleza jambo lililotupata. Sitaki kujitetea, maana nina kosa langu la kukiri. Nataka kueleza njia ya kutafuta kizuizi tuliyojifunza katika siku tatu zile.

Kwanza yafaa tujue maana ya maneno. Husemwa kwamba orodha yetu ya vitabu "imo katika wingu". Wingu hilo si la mvua. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta zenye nguvu, na kampuni zenye majumba hayo hukodisha nafasi ndani yake. Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa njia hii mwaka 2006, na mwaka 2020 ikafungua kituo chake huko Cape Town. Google na Microsoft nazo hufanya biashara hiyo hiyo. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu ikawa kama kompyuta ndogo nyingi, na kila moja hufanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili yenye anwani yake. Hizo ndogo ndizo ziitwazo mashine pepe.

Chama chetu kilikuwa kimekodi mashine pepe moja. Vitabu vilipozidi, Mwalimu akaturuhusu kukodi ya pili. Mashine ya Kwanza ikabaki na programu inayowaonyesha kurasa, na Mashine ya Pili ikapewa hifadhidata, yaani daftari lenyewe la vitabu pamoja na majina ya walioviazima. Tuliihamisha Jumatatu jioni saa za kujisomea. Jumanne asubuhi kurasa zikafunguka tupu. Mashine ya Kwanza ilikuwa ikiita, na Mashine ya Pili haiitiki.

Ili mtu aelewe tulivyokosea, na afikiri juu ya mjumbe. Tuseme unamtuma mdogo wako apeleke barua kwa rafiki yako katika shule nyingine ya bweni. Mambo matatu yaweza kutokea. La kwanza, mjumbe asirudi kabisa. Ungoje mpaka uchoke. Huenda alizuiwa langoni na mlinzi asiyesema neno. La pili, arudi upesi akisema, "Nimefika chumbani, nimebisha, hakuna mtu." Hapo wajua kwamba lango alilipita. La tatu, arudi na neno la rafiki mwenyewe: "Simjui huyu aliyeandika." Hapo wajua kwamba barua imefika mkononi.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Mashine moja ikitaka kuzungumza na nyingine hupeleka ombi dogo kwenye anwani na kwenye poti. Poti ni mlango wenye namba, na namba hizo hufika 65535. Hifadhidata yetu ni ya PostgreSQL, ambayo kwa kawaida hutumia poti 5432. Ombi likitupwa njiani na fayawali, yaani mlinzi wa lango, anayeita hapati jibu lolote. Linux hurudia ombi hilo mara kadhaa, na huchukua kama dakika 2 kabla ya kukata tamaa. Lakini ombi likifika kwenye mashine na isiwepo programu inayosikiliza kwenye poti ile, mashine hujibu mara moja kwamba muunganisho umekataliwa. Basi kimya na kukataliwa si kitu kimoja. Kimya mara nyingi chatuambia tutazame malango. Kukataliwa mara nyingi chatuambia tutazame programu. Nasema mara nyingi, kwa sababu ziko fayawali zilizoamriwa kukataa kwa sauti badala ya kunyamaza.

Sasa nakiri kosa langu. Jumanne jioni, kwa kuona haya ya kuchekwa, nilifungua kanuni za lango la Mashine ya Pili nikaandika 0.0.0.0/0 kwa poti zote. Maana yake ni hii: mtu yeyote, kutoka pembe yoyote ya dunia, apite. Nikajaribu tena kurasa, zikawa tupu vile vile. Nikasema, "Basi kosa si la lango," nikaenda kulala bila kurudisha kanuni za zamani.

Asubuhi Mwalimu alituonyesha kumbukumbu za mashine. Usiku ule watu tusiowajua walikuwa wamejaribu kuingia mara nyingi kwa poti 22, wakibahatisha majina kama root na admin. Hawakuingia, kwa sababu mashine yetu haikubali nywila bali ufunguo maalumu ulio katika faili. Lakini mle ndani mlikuwa na majina ya wanafunzi wa shule nzima. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Kabla ya kufungua lango ulipata jibu gani, na baada ya kufungua ulipata jibu gani?" Nikashindwa kujibu. Nilikuwa nimetazama kurasa tupu. Jibu la mashine sikulitazama.

Alinifungisha lango lile kwa mkono wangu mwenyewe, kisha tukaanza upya, hatua kwa hatua. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Hakikisha anwani. Mashine zilizo katika mtandao mmoja wa wingu huitana kwa anwani za ndani, ambazo huanza na 10, au 192.168, au kati ya 172.16 na 172.31. Yetu ya Pili ilikuwa 10.0.1.20. Tukaona imeandikwa sawa.

2. Jaribu poti yenyewe. Wengi hutumia amri ya ping, lakini ping haina habari ya poti. Lango laweza kuizuia ping na kuiruhusu hifadhidata, au kinyume chake. Sisi tuliandika kwenye Mashine ya Kwanza: nc -zv 10.0.1.20 5432. Jibu likawa kimya. Tukaliandika katika daftari.

3. Tazama kama ombi lafika. Kwenye Mashine ya Pili tuliandika: tcpdump -n port 5432, ambayo huonyesha kila kitu kinachopita kwenye poti ile. Tukaita tena kutoka ya Kwanza. Hakikuonekana kitu. Hivyo tuliigawa njia vipande viwili kwa jaribio moja: kizuizi kilikuwa kabla ya Mashine ya Pili.

4. Fungua lango kwa kadiri ya haja tu. Katika kanuni za lango la wingu poti 5432 haikutajwa, na lango hilo huzuia kila kiingiacho kisichotajwa. Tukaandika kanuni moja: poti 5432, kutoka 10.0.1.10/32. Anwani hiyo ni ya Mashine ya Kwanza, na /32 maana yake ni hiyo peke yake.

Tukajaribu tena. Mara hii jibu lilikuja upesi: muunganisho umekataliwa. Mwenzangu akasikitika, lakini Mwalimu akapiga makofi. Kwani jibu lilikuwa limebadilika! Mjumbe alikuwa amelipita lango, sasa anabisha mlango wa chumba.

5. Tazama nani anasikiliza. Kwenye Mashine ya Pili tuliandika: ss -ltn. Tukaona 127.0.0.1:5432. Anwani 127.0.0.1 ni ya mashine kujiita yenyewe. Hifadhidata ilikuwa ikisikiliza sauti ya nyumbani mwake tu, na ndivyo PostgreSQL inavyokuja ikiwa mpya. Zamani haikutudhuru, maana programu na hifadhidata vilikaa katika mashine moja. Tukaongeza 10.0.1.20 katika mstari wa listen_addresses, tukaiwasha upya.

Tukajaribu mara ya tatu, sasa kwa programu yenyewe. Hifadhidata ikajibu kwa maneno yake kwamba haina kanuni ya kumpokea mgeni kutoka 10.0.1.10. Huyu ndiye rafiki asemaye, "Simjui huyu." Tukaongeza mstari mmoja katika faili la pg_hba.conf, na kurasa zikajaa vitabu. Ilikuwa Alhamisi, kengele ya chakula cha jioni inalia.

Kumbe vizuizi vilikuwa vitatu, kimoja nyuma ya kingine. Jumanne nilipofungua lango lote, kizuizi cha kwanza kiliondoka kweli. Ila mimi sikujua, kwa kuwa cha pili kilikuwa kinangoja. Na tazameni ajabu hii: kizuizi hicho cha pili, hifadhidata kusikiliza nyumbani tu, ndicho kilichokinga majina yenu usiku ule nilipoyaacha malango wazi.

Neno moja zaidi kwa atakayejaribu. Yako malango yanayokumbuka: yakiruhusu ombi kuingia, huruhusu na jibu lake kutoka. Yako na yasiyokumbuka, nayo hutaka kanuni mbili, ya kuingia na ya kutoka. Ukiona katika tcpdump kwamba ombi limefika na jibu limetoka, lakini anayeita bado yuko kimya, itafute njia ya kurudi. Ukiona ombi limefika na jibu halikutoka kabisa, tazama fayawali iliyo ndani ya mashine yenyewe.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kazi hii nimeuona ukweli wake: kimya nacho ni jibu, na mtu aliyeliandika jibu la jana ndiye atakayejua kama la leo limesogea. Badili kitu kimoja, jaribu, andika; kisichosaidia kirudishe kilivyokuwa. Na lango lifunguliwe kwa aliyeitwa tu.

Karatasi ya mlangoni tuliibandua Ijumaa asubuhi. Mwalimu hakuitupa, ameibandika ndani ya kabati la chama, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu yale majibu matatu, kwa mpango yalivyokuja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Kompyuta