Dondoo muhimu: Programu ya simu ikigoma kujengwa

Android Studio ikikujazia maandishi mekundu, usikimbilie kuifuta na kuisakinisha upya. Mara nyingi tatizo ni dogo.

1. Soma kosa lote. Mstari wa "Caused by" ulio chini kabisa ndio mara nyingi hubeba kiini.
2. Kagua toleo la Java: Android Gradle Plugin 8 inataka JDK 17, na ukiwa na 11 haitajenga hata ufanye nini.
3. Usipandishe Gradle, Kotlin na maktaba zote kwa mkupuo. Badilisha moja, jenga, ndipo uguse nyingine.
4. Unatumia Flutter? Anza na amri ya `flutter doctor`.
5. Usifute folda ya `.gradle` iliyo kwenye akaunti yako ya kompyuta kila ukikwama. Utapakua upya maktaba zote, na bando litakwisha kabla ya kosa. Futa kwanza folda ya `build` ya mradi.
6. Intaneti ikikatika, jenga kwa `--offline`, mradi maktaba zilishapakuliwa.
7. Usinakili `local.properties` ya mwenzako: ina njia ya SDK ya kompyuta yake.
8. Simu haionekani? Washa USB debugging, kisha andika `adb devices`. Ikijibu "unauthorized", fungua simu ukubali ombi. Isipoonekana kabisa, badilisha waya. Zipo nyaya za kuchaji tu.
9. Kompyuta ya RAM ndogo? Achana na emuleta, tumia simu halisi.
10. Kabla ya kujaribu dawa yoyote ya mtandaoni, hifadhi kazi yako kwenye Git.