Kugandisha Vyakula Nyumbani: Vipi Vyafaa na Vipi Havifai



Wazee wetu hapa Mbozi waliweka chakula kwa jua, kwa moshi na kwa kihenge. Siku hizi wengi wenye umeme nyumbani wamenunua friza, nao hudhani ya kuwa kila kilichotiwa humo kitatoka kama kilivyoingia. Sivyo. Yakupasa kujua kwanza baridi hufanya nini, ndipo utakapoweza kuamua mwenyewe.

Ndani ya kila mboga, tunda na nyama mna maji, yamefungwa katika chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji yagandapo hutanuka, na barafu yake huzipasua kuta za chembe hizo. Chakula kikiyeyuka, maji hutoka nacho hulegea. Basi kitu kiliwacho kibichi kwa sababu hukatika vizuri menoni, kama tango au kabichi ya kachumbari, hakifai kabisa. Nyanya hulegea vivyo hivyo, lakini ukitaka kuitia mchuzini hapana hasara. Viazi mviringo vibichi huwa vyeusi na majimaji. Watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, hugandisha viazi makusudi kwa baridi ya usiku, kisha huvikanyaga vitoke maji na kuvianika, navyo hudumu miaka. Lakini hiyo ni njia ya kukausha, wala usiijaribu kwa friza. Yai zima hupasuka ganda. Livunje, ulipige, ulitie katika chombo chenye kifuniko.

Njegere, maharage machanga, mahindi mabichi, mchicha na majani ya maboga hugandishwa vizuri sana, ila sharti vipite kwanza katika maji yachemkayo. Usiache kazi hii kwa uvivu. Mboga iliyochumwa huendelea kujibadilisha yenyewe hata katika baridi, na usipoituliza kwa moto itapoteza rangi na ladha. Njegere zataka dakika 1 na nusu, mchicha dakika 2, maharage machanga 3, na mahindi yakiwa katika gunzi lake 4; hesabu tangu maji yachemkapo tena. Sisi twakaa juu, ambako maji huchemka kwa joto pungufu kuliko pwani, kwa hiyo ukiongeza dakika 1 hukosei. Kisha tumbukiza mboga mara moja katika maji ya baridi, zichuje sana, mahindi uyakate kwa kisu, utie mfukoni na kuitoa hewa.

Parachichi lililoiva lipondwe pamoja na maji ya ndimu. Ndizi mbivu imenywe kwanza.

Lakini chakula kinipendezacho kuliko vyote katika friza ni maharage yaliyokwisha kupikwa. Chemsha sufuria kubwa mara moja kwa juma, yapoze, uyagawe kwa kadiri ya mlo mmoja. Utaona kuni na mkaa uliookoa. Hata mbegu ya maharage, ikiwa imekauka sawasawa, waweza kuiweka humo siku 4 au zaidi katika mfuko uliofungwa, na fukusi watakufa. Usiufungue mfuko huo mpaka upate joto la nyumba, mbegu isije ikapata unyevu.

Nyama ikatwe vipande vya mlo mmoja, nayo iyeyushwe katika friji au ndani ya maji ya baridi ikiwa mfukoni, wala si juani.

Sasa sikiliza neno lililo kubwa. Friza, hata ikifika digrii 18 chini ya sifuri kama ipasavyo, huvilaza vijidudu vya maradhi, haiviui vyote. Nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa kimeta haiponywi na baridi. Wala mahindi yaliyoota ukungu hayasafishwi nayo. Katika mwaka 2016 watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu huo.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kadiri ya saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Chakula chenye barafu bado ndani yake chaweza kugandishwa tena, ijapokuwa ladha itapungua. Na je, kama ulikuwa safarini, ukarudi na kukuta umeme unawaka? Kabla ya kuondoka gandisha kikombe cha maji, uweke sarafu juu ya barafu yake. Ukirudi na kuikuta sarafu juu, kula bila shaka. Ukiikuta chini kabisa, fahamu ya kuwa vyote viliyeyuka vikaganda upya: nyama, samaki, maziwa na vilivyopikwa vifukie shimoni, wala usiwape mbwa.